Liwa Aliyoijaribu Mahfoudha

Katika nyumba za Waunguja wa Al Khoudh, ng'ambo ya bahari, harusi haikuhesabiwa kuwa imeiva mpaka mtu aulize, "Anasinga nani?" Na jibu kwa miaka mingi lilikuwa moja. Wangeweza kugombana juu ya ukumbi, wakanuniana kwa sababu ya mpishi, wakasemana kwa heshima juu ya rangi ya vitambaa vya meza, lakini juu ya msingaji, wa kumsugua bi harusi kwa manukato, hapakuwa na mjadala. Ni Mahfoudha binti Saeed. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyojaa nguvu na maneno mengi kuliko kimo chake. Bi harusi akianza kulia humwambia, "Lia sasa, mwanangu, huko unakokwenda hutapata nafasi." Chumba kizima kikacheka, na bi harusi naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Singo ni ya mwili: mawaridi makavu, karafuu, manjano na msandali, vyote vikasagwa, vikaloweshwa kwa maji ya waridi ya Jabal Akhdhar, kisha bi harusi akasuguliwa mpaka uchafu wote utoke na harufu imwingie. Liwa, msandali uliosagwa ukawa uji mzito, ni ya uso, na hapo ndipo Mahfoudha alipokuwa na sharti lake. Hakupata hata siku moja kuweka liwa kwenye uso wa bi harusi kabla ya kuijaribu kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto. Wenzake waliijaribu mkononi. Yeye alisema mkono ni mwongo; mikono yake ilikuwa imesugua watu mpaka ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi, na hata ukiitia pilipili haitakwambia kitu. Shavu ndilo linalosema kweli. Alipaka, akasubiri ikauke, akanawa, akajitazama kwenye kioo. Ikimwasha, alimwaga bakuli zima, hata kama mna msandali wa bei ya kumliza mwenye nao. Walimwona mtu wa wasiwasi. Yeye aliona uso wa mtu ni amana, na amana haichezewi.

Kisha likaja jipu. Lilianza kama kipele tu, kwenye shavu hilo hilo, katikati ya Ramadhani, na Mahfoudha akalifanyia jambo ambalo kila mtu huwakataza wenzake na kulifanya mwenyewe: alilibinya. Haukupita muda uso ukafura mpaka jicho likafumba. Homa ikampanda, akapelekwa hospitali amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari, na huko wakamwambia vijidudu vimeingia ndani ya nyama na bado vinatembea. Wakampasua, wakamtoa usaha, wakamtundikia dripu. Alinusurika, alhamdulillahi, na madaktari wakafurahi naye. Hawakumwambia, au walimwambia hakusikia, kwamba shavu litabaki na mashimo mawili na mshipi wa nyama ngumu, mweusi unaong'aa, ulioshuka mpaka chini ya taya.

Mtu mwingine angeweza kuishi na kovu hilo. Mwalimu anafundisha na kovu lake, dereva anaendesha na lake. Lakini msingaji uso wake ndio tangazo la kazi yake. Na watu, jamani, watu wana akili za ajabu! Daktari akiwaambia kovu ni kovu, halina ugonjwa, halimwambukizi mtu, wanaitikia kwa kichwa, kisha wanasogeza kiti. Harusi ya kwanza iliyompita walimwambia bi harusi kaenda kusingwa Dubai. Iliyofuata wakasema wanafanya kidogo tu, kwa faragha. Baada ya hapo hawakujisumbua hata kutunga sababu. Akaanza kuvaa barakoa ya hospitali kila anapotoka, na wao wakasema, mnaona, bado anaumwa.

Haya yote angeyameza. Yalimuuma, tusidanganyane, kuna alasiri alikaa jikoni akasaga liwa isiyokuwa na bi harusi, kwa sababu mikono haikujua kukaa bure. Lakini angeyameza. Tatizo lilikuwa Shatha.

Shatha alikuwa mtoto wa dada yake, na alimwita khalti. Mama yake alifariki yeye bado ana meno ya utoto, na Mahfoudha, ambaye Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto wa tumboni, akamchukua akamlea, akamlaza naye kitanda kimoja, shavu kwa shavu, mpaka mtoto alipoacha kuamka akimwita mama yake. Sasa Shatha alikuwa mwanamke mzima, kasoma, kachumbiwa na Yaqdhan, mhandisi wa kiwanda kimoja cha Rusayl, kijana mpole ambaye kila akija humwinamia Mahfoudha na kumbusu mkono. Harusi ilipangwa mwaka uliofuata, baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Mahfoudha hakuwa na haja nyingine kwa Mola wake. Alitaka kumsinga mtoto huyu kwa mikono yake, mwili na uso, kama alivyowasinga watoto wa watu.

Mama yake Yaqdhan, Bi Shaikha wa Bustan, akaleta ujumbe wa sauti kwenye simu. Sauti ilikuwa tamu, na maneno yake yamepangwa kwa adabu. "Dada yangu Mahfoudha, wallahi sisi hatuna neno nawe. Lakini unajua tena, ngozi ya bi harusi ni kitu cha kuogopa. N'naona tumtafute mtu wa saluni, nawe upumzike."

Mahfoudha aliusikiliza ujumbe huo amesimama, mkono juu ya meza. Shatha alikuwa sebuleni, na aliusikia wote. Akaja amefura kwa hasira.

"Mwambie mimi sisingwi na mtu ila khalti wangu."

"Humjibu hivyo mama mkwe, Shatha."

"Simjibu yeye. Nakujibu wewe."

Maneno hayo yalimfurahisha Mahfoudha na yakamtisha. Mtoto alikuwa tayari kumtetea mbele ya watu atakaoishi nao maisha yake yote, na anayekutetea anastahili umpunguzie mzigo. Juma lile lile akaenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari Bashayer alikuwa na kliniki yake hapo hapo Al Khoudh, na alikuwa mtoto wa nyumbani. Mahfoudha ndiye aliyemsinga alipoolewa. "Uliniambia ngozi yangu kavu kama mkate wa jana," akamkumbusha, wakacheka wote wawili. Kisha akaivua barakoa, akaliweka shavu chini ya taa, na kicheko kikaisha.

"Leza, mwanga wa mashine, haifuti kovu, Bi Mahfoudha. Inachoma vitundu vidogo sana, vidogo kuliko tundu la sindano, ili ngozi ijijenge upya. Na tutakutoa damu yako mwenyewe, tuizungushe kwenye mashine, yale maji ya manjano yanayobaki juu tuyadunge kwenye haya mashimo. Yanaisaidia ngozi kupona. Kovu litapungua, litalainika. Kuondoka, haliondoki."

"Litapungua kabla ya Mfunguo Tatu?"

"Mimi ningependa tungoje jua lipoe. Ngozi zetu hizi ukiziudhi zinalipiza kwa weusi."

"Mwanangu, mimi sina wa kumngoja mpaka jua lipoe. Harusi ndiyo hiyo."

Daktari alikuwa anajua ni harusi ya nani, kama wanawake wote wa Al Khoudh walivyokuwa wanajua. Akakubali kuanza, kwa moto mdogo, na kwa masharti: asiote jua, asijifukize udi karibu na uso, asipake kitu chochote ila mafuta aliyompa na krimu ya kuzuia jua.

"Chochote, Bi Mahfoudha. Hata maji ya waridi. Nakujua."

"Nimesikia."

Na kusikia alisikia kweli. Lile la kuwa kovu haliondoki ndilo alilolipitisha sikio hili likatokea sikio la pili.

Aliyekuwa akimhudumia ni muuguzi Mkenya, Truphena, mrefu, mwenye mikono baridi na mzaha mwingi. Alimpaka dawa ya ganzi, akamfunga macho kwa miwani ya chuma, akamshika mkono mashine ilipoanza kutoa mlio wake. "Itachoma kiasi, mama, lakini mafi mushkila, hakuna shida, tuko pamoja."

"Kiswahili chako hicho kinachechemea," Mahfoudha akamwambia, meno yameumana kwa maumivu.

"Na chako kimevaa buibui, mama. Tulia hapo."

Shavu liliwaka moto siku mbili, likatoa magamba, na chini ya magamba kukatokea ngozi nyingine. Mahfoudha hakuamini. Aliporudi mara ya pili, mashimo yalikuwa yameanza kujaa, na ule mshipi wa chini ya taya, ukiugusa, haukuwa tena mgumu kama ugwe. Damu yake mwenyewe inamtibu! Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi, akawa anamhadithia kila mtu aliyekubali kumsikiliza, na waliobaki kumsikiliza hawakuwa wengi. Shatha alikuja na kidole chake, akalipapasa kovu taratibu. "Khalti, limelainika. Wallahi limelainika." Mahfoudha akageukia sinki akaosha kikombe kilichokuwa safi, kwa kuwa hakutaka aonekane analia.

Ziara ya mwisho kabla ya harusi ilimpa ngozi nzuri kuliko zote. Magamba yalipodondoka, shavu lilibaki laini, jekundu kidogo, jembamba kama la mtoto aliyezaliwa juzi. Lilikuwa bado halijapona hasa. Truphena alikuwa amemwambia mara nyingi kuwa hii sasa ndiyo ya kuchungwa, hata mto wa kulalia aufunike kwa kitambaa safi. Lakini Sikukuu ilishapita, siku ya singo ilikuwa inakaribia, na liwa ya Shatha ilikuwa bado haijatengenezwa.

Aliitengeneza baada ya sala ya alasiri, jikoni, peke yake. Alisugua kijiti cha msandali juu ya jiwe kwa subira, akatia manjano kidogo, karafuu alizozichagua moja moja, maji ya waridi, na ndimu kwa ajili ya kung'arisha. Harufu ikajaa nyumba. Tangu aanze kazi alikuwa hajapata kusaga liwa laini namna ile. Akachovya ncha ya kidole, mkono ukapanda wenyewe kuelekea shavu la kushoto, ukasita.

Hakuwa mjinga, na asihukumiwe kama mjinga. Aliyakumbuka maneno ya daktari, yote. Alilifikiria shavu la kulia pia. Lakini shavu la kulia lilikuwa shavu la mwanamke aliyepita hamsini, limepigwa na jua na joto la majiko. Lingejua nini juu ya uso wa msichana? Ile ngozi mpya ndiyo ngozi ya Shatha. Ikiwa liwa haitaidhuru hii, basi haitamdhuru mtoto. Na watoto wa watu wote aliwajaribia kwa shavu la kweli; leo wake mwenyewe amjaribie kwa shavu la uongo? Aliona haya mbele ya nafsi yake. Kidogo tu, akasema moyoni. Bismillahi.

Ikamwasha papo hapo. Hapo ndipo angekimbilia maji, na hakukimbia. Liwa nyingine nzuri huwasha kidogo kisha hutulia, na yeye alitaka kujua, kwa ajili ya Shatha, kama hii itatulia. Alisimama jikoni ameshika ukingo wa meza, anasubiri. Haikutulia. Alipokwenda kunawa, maji yenyewe yalimchoma.

Akarudi, akalichukua bakuli, akalimwaga lote. Ndimu ilikuwa imezidi, au karafuu zilikuwa kali kuliko alivyodhani. Kwa hiyo Shatha aliepukana na liwa ile, na jaribio, ukitaka kusema kweli, lilifanya kazi yake sawasawa. Hilo linaudhi kuliko kama angekuwa kafanya uzembe.

Alijificha ndani ya barakoa, akamwambia Shatha ana mafua. Lakini shavu lilivimba, likatoa malengelenge, likapasuka, na usaha wa manjano ukarudi pale pale ulipokuwa umeanzia. Palipokauka pakawa peusi, weusi wa masizi, umetanda mpaka karibu na sikio. Alipokwenda kliniki, Truphena alimvua barakoa na mzaha wote ukamwishia.

"Woi, mama," akasema polepole. "Si tulikuwa tumekubaliana?"

Daktari Bashayer hakumuuliza alichopaka. Rangi ya manjano ilikuwa bado imeganda kwenye mkunjo wa sikio. Alimsafisha mwenyewe, kwa pamba, bila kumkabidhi muuguzi, na Mahfoudha alitamani sana agombwe. Angegombwa angepata la kujibu.

"Ilikuwa liwa ya Shatha," akasema mwishowe.

"Najua."

"Tutaanza tena lini?"

"Kwanza tuue hivi vijidudu. Nitakupa dawa ya kumeza."

"Halafu lini?"

Daktari aliweka pamba chini. "Bi Mahfoudha, ngozi hii sasa siichomi. Nikiigusa na leza itaota nyama zaidi. Mwaka, labda zaidi ya mwaka, tuitazame tu. Na sitaki nikudanganye, haya mashimo yamerudi yamezidi, na huu weusi sijui kama utatoka."

"Na yale maji ya damu yangu?"

"Hayatoshi kwa haya."

Mahfoudha akaitikia kwa kichwa. Akawaaga wote wawili kwa adabu, akatoka, akakaa ndani ya gari lenye joto kali bila kuliwasha. Hapo alilia kwa sauti, kwa kuwa vioo vilikuwa vimefungwa, na alipomaliza hakujisikia nafuu hata kidogo.

Shatha alipoliona shavu hakurudi nyuma katika neno lake, na hili lazima asifiwe kwalo. Alimpigia Bi Shaikha simu mwenyewe. Akamwambia khalti wake atamsinga na mazungumzo yameisha. Bi Shaikha, ambaye hakupata kupungukiwa na ustaarabu, alikubali, na siku ya singo akamleta msichana wa saluni anayeitwa Rachael, Mkenya mwenye sare nyeupe na mkoba wa vifaa, akae sebuleni. "Wa kusaidia tu, akihitajika," alisema.

Mahfoudha alikuwa ametengeneza liwa nyingine, isiyokuwa na ndimu, akaijaribu kwenye shavu la kulia kwa kuwa hakuwa na jingine. Akaingia chumbani na mabakuli yake. Shatha alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunga kanga, nywele kazifunga juu.

"Vua barakoa, khalti. Hapa kuna mgeni gani?"

Akaivua. Shatha akamtazama, akatabasamu, akalala chali na kuangalia dari.

Mwili ulikwenda vizuri. Mahfoudha alisugua mikono, mgongo, miguu; vidole vilifanya kazi bila kuulizwa. Alimtania juu ya magoti yake meusi kwa kupiga magoti utotoni akitafuta peremende chini ya kitanda, na Shatha akacheka kicheko chake cha siku zote. Kwa muda ule, kwa kweli, Mahfoudha alisahau. Akamfuta, akavuta bakuli la liwa, akakaa upande wa kichwa, akainama kuanza uso.

Liwa ya uso haipakwi kwa mbali. Msingaji huinama mpaka pumzi zao zinachanganyika, mkono mmoja umeshika shingo, mwingine unapaka. Shatha alifumba macho. Mahfoudha akaweka kiganja chini ya taya yake, na chini ya kiganja akahisi koo limesimama. Mtoto alikuwa amebana pumzi.

Akadhani ni bahati mbaya. Akainuka kidogo, kama anayechanganya bakuli, na Shatha akapumua. Akainama tena, na pumzi ikakatika tena. Uso wa msichana ulikuwa umetulia, midomo ina tabasamu la adabu, na huenda mwenyewe hakujua anafanya nini. Mwili wake ndio uliokuwa ukijua. Mahfoudha alitafuta mahali pa kupeleka lawama, na hakupaona. Angekuwa Bi Shaikha angemchukia na mambo yakaisha.

Akaiweka liwa chini bila kuwa ameipaka.

"Mgongo, mwanangu," akasema. "Uzee huu. N'nakuitia yule msichana akumalizie uso."

Akasimama. Akatembea mpaka mlangoni, akashika kitasa, na hapo akakaa kidogo, muda wa kutosha kwa mtu anayetaka kukataa akatae. Hakugeuka.

"Haya, khalti," akasema Shatha nyuma yake, na akavuta pumzi ndefu.